Boti Uliyoiacha Uani Moshono

Baba Neema,

Salaam zako utazipata mwisho. Kwanza nina hasira, na sina mwingine wa kumpelekea.

Tangu tukuzike kule kwenu Machame, kila anayekuja kunipa pole akifika uani anasimama, anaiangalia boti yako, kisha ananiangalia mimi. "Mama Neema, hii ya nini?" Wewe ulikuwa fundi wa mageti na madirisha ya alumini. Kuogelea hujui. Tunakaa Moshono, maji yenyewe tunayavizia bombani. Boti ya nini? Nilikuuliza mpaka nikachoka, na wewe ni kucheka tu. "Subiri iishe." Haya, nimesubiri. Umeondoka wewe kabla haijaisha, imebaki kupaka sakafu tu.

Sasa kuna mzee anayetembeza watu kwa boti Ziwa Duluti. Anaitaka, na Jumamosi anakuja na lori kuichukua. Sharti lake ni moja, sakafu ipakwe kitu kisichoteleza, maana alumini ikilowa ni sabuni tupu. Neema anasema tumpe, ua upumue. Nikasema sawa, lakini roho inakataa, na sijui inakataa nini.

Kazi nikaianza mwenyewe. Si nimekuona ukipaka mageti miaka yote? Nikachukua ile rangi nyekundu unayotanguliza kwenye chuma, nikapaka sakafu nzima, nikajisifu. Ilipokauka nikaikwaruza kwa ukucha, ikabanduka ganda zima kama la kiazi kilichochemshwa. Fundi wa kupaka rangi malori hapo Kimandolu, nilipomwuliza, alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, alumini si geti." Akanielekeza nianze upya: nioshe mafuta yote, nisugue kwa msasa mpaka ule mng'ao ufe, nipake praima ya alumini, yaani rangi yake ya kutanguliza, siku hiyohiyo, kisha rangi, na rangi ikiwa mbichi ninyunyize mchanga.

Mchanga nikachota kwenye lundo lako, ule mweusi wa Meru wenye makali. Nikauosha, nikauanika, nikauchekecha kwa chekeche langu la unga. Ningejua unaniona ningeona aibu. Praima ilipokauka, Neema akapaka rangi kwa rola, mimi nyuma yake nanyunyiza kwa vidole kama ninavyonyunyiza unga kwenye sinia la maandazi. Rangi ilipokauka tukafagia mchanga uliolegea, tukapaka rangi nyingine juu ili uliobaki ushike. Muda wote huo nilikuwa najiuliza namfanyia nani kazi, wewe au yule mzee.

Leo asubuhi nimepanda kuijaribu. Nimemwaga ndoo ya maji, nimevua ndala. Unaujua mguu wangu wa kushoto, tangu nilipoteleza bafuni nikavunjika nyonga haunitii. Penye majimaji siendi bila kushika kitu. Basi nikanyoosha mkono bila kufikiri, nikakuta reli. Ile reli niliyoicheka, ya upande mmoja tu.

"Boti yako ina kilema," nilikuambia.

"Haiko peke yake," ukanijibu. Nikakununia mpaka jioni.

Reli hiyo imeingia kwenye kiganja changu, sikuinama wala sikujinyoosha. Nikabaki nimesimama humo kama nimepotea nyumbani kwangu. Ndipo nikaikumbuka siku uliyoniita kutoka jikoni, nina mwiko mkononi. "Njoo usimame hapa. Shika." Nikashika bomba la alumini, ukachora alama kwa chaki, nikarudi mbio kwenye kiburu changu cha ndizi na maharage kisiungue. Nilidhani ni reli ya ngazi ya mteja.

Lakini Baba Neema, wewe hujawahi kupima reli ya mteja kwa mkono wa mtu mwingine. Yule bibi wa Olmotonyi ulimfuata mpaka kwake, ukamwinua kwenye kiti ili ashike mwenyewe. "Reli inapimwa kwa mkono wa mwenye nayo," ulikuwa ukisema, na mimi nilikusikia kila siku.

Na Duluti je? Ulinipeleka pale tukiwa wachumba, ukataka tupande boti, nikaogopa, nikasema siku nyingine. Nilipovunjika nyonga nikasema basi tena. Wewe ukarudi kwenye mageti yako, nikadhani umesahau.

Mae, mume wangu, sasa nijibu. Kwa nini hukusema? Najua ungesema ningekataa, tena kwa maneno makali. Lakini ningekataa nikiwa najua. Nimelia humohumo ndani, Neema akaja mbio akidhani nimeanguka, akaniuliza nina nini, nikashindwa kumwambia kama nina furaha au uchungu. Hata sasa ninapoandika sijui. Nakupenda na ningekuwa nawe hapa ningekuchapa kwa mwiko.

Yule mzee nimempigia. Nimemwambia Jumamosi aje na lori kama tulivyopatana, na aje na makoti mawili ya kuelea.

"Umebadili mawazo, mama?"

Nimemwambia lori litatubebea boti mpaka ziwani, na jioni litaturudishia hapa Moshono. Neema anasema nimechanganyikiwa, na kweli nimechanganyikiwa. Maji nayaogopa vilevile. Ila nina pa kushika.

Salaam zako ndizo hizo. Pumzika, ua nitaufagia mwenyewe.

Mkeo ambaye bado hajakuelewa,
Mama Neema