Madaraka Karibu na Nani

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Mkonze tu wazima, na mama yako anavuna uwele. Umeniuliza kama wananchi wanataka madaraka yahamie mikoani na vijijini. Nikueleze lililonishtua nikiwa msichana.

Ofisa alikuja kijijini kutuuliza jambo hilohilo. Wote tulinyoosha mikono, isipokuwa mama yangu. Nilishangaa, maana kila siku alilalamika kuwa wakubwa wa mbali hawatusikii.

“Mama, mbona hutaki?” ofisa akamuuliza.

“Wa mbali hanijui,” akasema. “Mwenyekiti wa hapa ni shemeji yangu. Mume wangu alipofariki alichukua shamba letu, na hawa wote wanajua.”

Mimi sikujua. Mwenyekiti huyo, baba yangu mdogo, alikuwa akituletea debe la uwele kila mavuno, nami nikipiga magoti kumshukuru. Nilimtazama. Jirani mmoja akasimama, akasema, “Ni kweli.”

Madaraka yalikuja. Lakini kwanza wanakijiji walidai shamba lirudishwe, likarudishwa, kisha wakamweka mama kwenye kamati ya ardhi.

Tangu hapo, nikiulizwa kama nataka madaraka yasogezwe karibu, huuliza kwanza: karibu na nani?

Nakuombea huko chuoni,
Bibi yako