Musalaba nyekundu chini ya kiti ya mama

Graciella!! Acha kila kintu, soma.

Unajua maji imekatika ku avenue yetu, na hakuna muntu anajua tuyau, bomba ya maji, inapita wapi. Leo bantu ba maji bakaleta radar. Ni kagari kadogo, banakasukuma, kanaona chuma chini ya udongo. Fundi Chanda anaangalia écran, kioo yake, penye kuko chuma anatia musalaba ya rangi nyekundu.

Akafika pale. Graciella, PALE! Penye tulizika kichwa ya moulin ya mama, ile mashini ya kusaga unga, sababu ya ile bruit, bantu kusema vita inakuya na pillage, bataiba byote.

"Tuyau njo hii! Mulete houe, tuchimbe!"

Mama akaleta kiti, akaweka juu ya musalaba, akakaa. "Mwanangu, hapa hapana. Jaribu kwa jirani."

Kwa papa Mwila, musalaba. "Hapa tulizika mbwa."

Mbwa ya chuma, Graciella!! Mbwa ya chuma!

Kwa mama Nono, musalaba tatu. Akatandika mukeka juu, akalala, ati kichwa inamuuma.

Chanda akacheka mpaka akashika magoti. "Ba mama, ba papa, nimeelewa. Kila muntu atoe tuyau yake. Yenye itabakia, njo ya maji."

Papa Mwila akaambia mama yangu: "Mama Kahambu, anza weye."

Mama: "Mbwa yenu njo ya kwanza kufa. Anzeni na yeye."

Chanda ameenda, anarudia kesho. Mama eko tu ku kiti. Kwenu Karavia maji iko? Ninakuya na bidon ya kuteka. Na mama anaomba muto ya kukalia, ile kiti iko nguvu, inamuumiza.