Baka Ubavuni mwa Kinyonga

4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kabla ya salamu nakuomba: barua hii isome peke yako. Usimwambie mama, wala bibi hata akikubembeleza. Habari za nyumbani? Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili.

Hapa mahakamani mimi ndiye ninayetunza chumba cha vielelezo: mapanga, redio, baiskeli zisizo na magurudumu. Sasa tumeletewa kinyonga ndani ya boksi la kioo. Mama mmoja muuza vitambaa anadai ni wake, ameibiwa na kinyozi jirani yake. Kinyozi anasema alimkuta kwenye ua wa majani. Mama huyo amemwambia hakimu kwamba wake ana baka jeusi ubavu wa kushoto. Siku ya kesi kinyonga atatazamwa.

Mjomba, alipofika hakuwa na baka. Nilimpokea mimi, nikamtazama pande zote. Sasa anayo matatu, na kubwa liko ubavu wa kushoto.

Namlisha nyenje wa kununua, kwa ruhusa ya hakimu. Wanaobaki hulala naye humo humo, maana karani mkuu ameniambia, "Kilichoingia kwenye boksi ni kielelezo. Ukitoa hata mguu wa nyenje bila amri, umeharibu ushahidi." Je, nyenje wanaweza kumdhuru? Au ni rangi tu? Wewe umefuga vinyonga tangu sijazaliwa. Kinyozi alishawahi kufungwa. Safari hii haponi kwa faini.

Mpwa wako.

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Bibi yako aliiona bahasha, nikamwambia ni bili ya maji. Hakuamini.

Rangi ya kinyonga huja na kwenda. Akilala hupauka mwili mzima. Mtazame alfajiri kabla hajaamka: mabaka yakipauka naye, ni rangi. Yakibaki meusi, ni vidonda. Nyenje mwenye njaa hung'ata chochote, na kinyonga akilala hajitetei. Watu hudhani mdudu akishaitwa chakula basi hana meno! Watoe wote kila jioni. Ukishindwa, waachie kipande cha karoti wale hicho. Vidonda vioshe kwa maji safi ya vuguvugu. Vitapona, ingawa alama inaweza kubaki.

Hayo ni ya kinyonga. Kinyozi naye anakutegemea wewe. Mwambie hakimu kabla ya kesi.

Mjomba wako.

22 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hamjambo. Mimi sijui nikoje.

Nilimtazama alfajiri. Alikuwa amepauka kama karatasi, mabaka yakabaki meusi. Nikaweka karoti. Kuwatoa nyenje sikuthubutu. Kwa hakimu nilifika mlangoni, nikageuka kana kwamba nimesahau faili.

Kesi ilisikilizwa jana. Boksi nililishika mimi, mikono imetulia kabisa, nikajishangaa. Yule mama akanyoosha kidole: "Huyo! Baka lake hilo!" Hakuwa anadanganya, Mjomba. Alikuwa analia. Kinyozi akasema, "Mheshimiwa, nilipomshika hakuwa na doa hata la kalamu." Mwendesha mashtaka akamjibu, "Kinyonga kubadilika ni kazi yake. Wewe je, utabadilika lini?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Meno yalitoka tu.

Hukumu ni tarehe mbili Aprili, na uso wa hakimu umeshahukumu. Hivi, huwezi kuja ukasema wewe, kama mtaalamu, bila kuonyesha kwamba tunajuana?

Mpwa wako.

26 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Siji kuigiza. Mimi sikumwona kinyonga huyo akiingia. Aliyemwona ni wewe. Ukisema, wakaniita nieleze habari za nyenje, nitakuja hata kwa kutambaa. Usiposema, nitamwambia hakimu nini?

Kula. Najua huli.

Mjomba wako.

3 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Habari za huko? Bibi hajambo?

Nimesema. Hakimu alikuwa ameshashika karatasi asome, nikasimama bila kuitwa. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesoma tangazo la kituo cha basi. Nikaeleza boksi, nyenje, alfajiri ile. Karani mkuu alitazama viatu vyake. Hakimu akaniuliza nimejua tangu lini, nikamjibu, akaweka kalamu chini. Hatasoma hukumu mpaka akusikie wewe. Nimewaambia kwamba wewe ni mjomba wangu. Mama muuza vitambaa akauliza, "Basi wangu yuko wapi?"

Nimesimamishwa kazi. Kwenye korido nilikutana na kinyozi, ana pingu, nikampisha. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unangoja nini, mdogo wangu?" Kisha wakamwondoa.

Sisikii hofu tena, Mjomba, wala nafuu. Nakaa tu.

Usiniandikie kwa anwani ya mahakama. Tumia ya fundi cherehani aliye chini ya chumba changu, na jina langu liwe kwenye bahasha ya ndani. Ukija, usipite mlango wa mbele. Mwenye nyumba hajui kwamba sina kazi. Zunguka uani, panda ngazi ya chuma, ugonge dirisha lenye pazia la bluu. Nikichelewa kufungua, usiondoke. Nitakuwa nakuja.

Mpwa wako.