Sala Iliyokula Jaribio la Hesabu

Icilda, sina pa kuuweka uso wangu. Sina!

Leo ilikuwa siku ya jaribio la hesabu. Ukishindwa, jina lako haliendi kwenye mtihani wa Juni. Mwalimu Pinnock, yule mama asiye na mume anayefundisha watoto mchana na sisi watu wazima jioni, akasema, "Dada Verona, tufungulie kwa sala."

Nikafungua!

Nikaombea kalamu. Nikaombea hesabu za sehemu. Nikaombea goti langu, maana viti vile vya watoto unavijua. Mwalimu akasema "Amina!" kwa nguvu. Nikajua amebarikiwa, nikaongeza.

"AMINA!" akarudia. Icilda, nikamwombea mume.

Kwa sauti! Mume mcha Mungu, mrefu, asiyekunywa ramu!

Wala hakuna aliyenikatiza. Nani atamkatiza mtu anayeongea na Mungu? Nilipofumbua macho, mlinzi alikuwa mlangoni na funguo. "Nafunga shule, jamani." Karatasi zote nyeupe!

Egbert wa buchani, tunayesoma naye, akaniambia, "Dada, Mungu alikuelewa tangu kwenye kalamu."

Nikalia, Icilda. Nilidhani nimewaponza wote, na mimi nimeusubiri mtihani huu tangu ujana.

Mwalimu akasema tutarudia Alhamisi. Sala ataiongoza Egbert, ambaye kanisani huingia siku za mazishi tu.

Tulipofika getini Mwalimu akanivuta pembeni, akanong'ona, "Sala za darasani basi, Dada Verona. Lakini lile ombi la mume, endelea nalo nyumbani."