Vijiti vya Bwana Ambani

Kakamega Mjini
Jumapili mchana

Mama yangu,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi kitandani, mlango wazi, na mvua imeanza kujikusanya upande wa msituni kama ilivyo desturi yake saa hizi. Mimi ni mzima. Nakula vizuri na baridi ya huku nimeizoea. Nataka habari zako kwanza. Kifua kimeacha kukubana? Baba anaipaka ile dawa ya goti, au ameiweka juu ya kabati akisema goti litapona lenyewe? Na paa la jikoni, mmepata mtu wa kuliezeka kabla mvua za Msambweni hazijawakuta?

Uliponipigia simu uliniambia, "Duka limefungwa, sasa unangoja nini huko kwa watu? Rudi nyumbani." Sikukujibu vizuri. Kwenye simu mimi na wewe hatuwezani. Wewe unalia, mimi nanyamaza, halafu salio linakwisha. Ndiyo maana nimekaa kuandika, nikueleze jambo lenyewe tangu lilipoanza, kisha nikupe jibu langu.

Unamkumbuka Bwana Ambani, tajiri wangu, yule aliyezungumza nawe mara moja kwenye simu akakuita "mama yetu". Nilipomaliza chuo nilizunguka mji mzima nikitafuta kazi ya ufundi wa simu na kompyuta. Kila duka waliniambia wanaweza kunipa kazi ya kuuza vifuniko vya simu, lakini si kushika bisibisi. Bwana Ambani alinipa redio iliyokufa, akasema, "Ikiimba, anza kesho." Iliimba. Miaka yote niliyofanya kazi kwake hajawahi kunivunjia heshima. Nakwambia haya mapema ili usije ukamhukumu vibaya kwa yatakayofuata.

Siku moja alikuja dukani amebeba kasha lililotoka ng'ambo, amelikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na vidude vidogo vya umbo la vijiti, kila kimoja kama flashi, ila vina mapezi ya bati mgongoni ya kutolea joto. Unavichomeka kwenye kibao chenye matundu mengi ya USB, kibao unakiunganisha na kompyuta, na kompyuta unaiunganisha na mtandao. Vikishawaka, vinapiga hesabu usiku na mchana bila kupumzika. Hesabu hizo ndizo watu wanazoziita kuchimba, na malipo yake ni zile sarafu za mtandaoni ambazo mdogo wangu Hamisi huwa anakusumbua nazo. Hakuna shimo wala jembe. Ni stima inayoingia, joto linalotoka, na matumaini.

"Misi," Bwana Ambani aliniambia, maana Mwanamisi huku wamelikata, "watu wa huko nje wanachomeka ukutani, wanaenda kulala. Wakiamka, wamelipwa. Kwa nini sisi tuwe tunangojanga kiwanda kitulipe miwa?"

Hakusema kwa hila, Mama. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Na watu wa huku wamechoka kungoja, kwa hiyo walimsikiliza. Alianza kuviuza, na mimi nikawa wa kwenda majumbani kuvifunga.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mama Rispa, Butere. Ni mjane, amelima miwa tangu ujana wake, na sasa analea mjukuu wake wa kike anayeanza kusoma. Siku niliyokwenda alinichinjia kuku, maana huku mgeni asipoandaliwa ingokho hajakaribishwa. Nilifunga vile vijiti juu ya meza ya sebuleni, karibu na dirisha. Vilipowaka taa zake za kijani, alisimama akavitazama mikono ikiwa kiunoni.

"Hii ndiyo nimeuzia mtamba wangu," alisema. "Alikuwa amebakisha kidogo azae. Lakini ng'ombe anakulanga, na anaugua. Hii haili, sindiyo?"

"Inakula stima," nilimjibu.

"Stima ni nyasi tu ya siku hizi," akasema, tukacheka.

Nilirudi mjini nikiwa na furaha. Kazi ilikuwa imefanyika vizuri na nyaya zilikuwa zimenyooka. Lakini nilikuwa na njia ya kuona kwenye simu yangu kila nyumba inaingiza nini, na kila nilipotazama moyo ulizidi kuwa mzito. Mapato yalikuwa kama vumbi. Nilisoma, nikauliza wenzangu tuliosoma nao, nikaelewa. Huko nje kuna majumba makubwa yaliyojaa mitambo inayofanya kazi ileile, na malipo yanagawanywa kwa kadiri ya nguvu. Vijiti vyetu vilikuwa vinagombea chakula na tembo. Tokeni za stima alizonunua Mama Rispa zilikuwa zinakwenda mbio, na kilichorudi hakikuweza kununua hata kiberiti.

Nilimwambia Bwana Ambani. Alikuwa anafuta kaunta, akaendelea kuifuta.

"Bei ya sarafu itapanda," akasema. "Hata mahindi hayaoti kwa siku moja."

"Mahindi nikiyapanda nayaona yakiota," nilimwambia. "Hapa tunapanda stima, hakioti kitu."

"Wewe kazi yako ni kuchomeka, Misi. Hesabu niachie mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinijibu bila kunitazama usoni.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Mama Rispa alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Mwanangu, njoo uone kitu yako," alisema, akakata. Nilifika Butere kabla ya adhuhuri. Harufu ya plastiki iliyoungua niliikuta langoni. Kile kibao cha matundu kilikuwa cha rahisi, hakikuweza kubeba mzigo ule mchana kutwa na usiku kucha. Kiliyeyuka, kikashika kitambaa cha meza, kitambaa kikashika pazia. Ukuta ulikuwa mweusi hadi darini. Mjukuu wake huwa anakaa kwenye meza hiyo kuandika, na siku hiyo alikuwa ameshakwenda shule.

Mama Rispa alikuwa ameketi nje, mkono wa kulia umefungwa kanga. Alivichomoa kwa mkono mtupu.

"Nilifikiria maji," akaniambia, "nikakumbuka stima na maji hazipatani. Nikavuta tu."

Nilipoufungua ule mkono niliona malengelenge kuanzia vidoleni hadi kifundoni. Nililia, Mama. Yeye hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa niambie kweli, kama mtoto wangu. Hii kitu ingewahi kunirudishia ng'ombe?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Isingeweza."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua. Nilimpeleka zahanati, wakamsafisha na kumfunga vizuri. Njiani kurudi niliamua. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilijua tu kwamba sitafunga kijiti kingine, na kwamba watu wote walionunua lazima waambiwe kabla nyumba nyingine haijaungua.

Nilikwenda moja kwa moja dukani nikamweleza Bwana Ambani yote. Akasema tatizo ni kibao, ataagiza vibao bora. Nikamwambia tatizo ni kibao na vijiti na maneno tunayowaambia watu. Akasema, "Ukienda kuwaambia wateja wangu hayo, usirudi hapa." Niliweka bisibisi zake juu ya kaunta, nikachukua zangu, nikatoka.

Kesho yake nikaanza. Nilikwenda nyumba moja baada ya nyingine, nikawaeleza, nikawachomolea. Wengine walinishukuru. Wengine waliniuliza mbona sikusema siku ile nilipokuja kufunga, na nikawajibu kwamba siku ile sikujua. Mzee mmoja wa njia ya Mumias alinisikiliza kwa adabu zote, akanipa chai, kisha akakataa katakata. Anasema bei itapanda na mimi nitakuja kumwomba msamaha. Nilichoweza ni kumwomba avihamishie kwenye saruji, mbali na nguo na watoto. Hilo alilikubali.

Nikiwa bado katika kuzunguka huko, mke wa Bwana Ambani, Mama Faith, alinipigia. "Njoo nyumbani mchana huu," alisema. "Kuna kitu nataka uone ukiwa na macho ya fundi."

Nilipofika alinishika mkono akanipeleka hadi chumba cha watoto. Hakukuwa na vitanda. Kulikuwa na rafu kutoka sakafuni hadi dirishani, na rafu zote zimejaa vijiti, taa za kijani zinapepesa, feni zinavuma. Joto lilinipiga usoni kama la jiko la mkate. Watoto walikuwa wanalala kwenye makochi tangu kasha la kwanza lilipofika.

"Ameuza shamba alilopewa na baba yake," Mama Faith alisema. "Watu wanadhani anawala pesa. Mimi ndiye najua ameanza kujila mwenyewe."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoisha. Nilidhani nilikuwa napigana na mtu anayejua anachokifanya. Kumbe yeye ndiye aliyeamini kuliko wote.

Bwana Ambani alitukuta palepale mlangoni. Hakunifukuza. Alisimama akitazama rafu zake.

"Nilitaka mtu mmoja wa hapa awe wa kwanza," alisema. "Kila kitu kikifika hapa kinakuwanga kimeshapoa. Nilitaka tukipate kikiwa moto."

"Kilikuwa moto, Bwana Ambani," nilimwambia. "Kimeuchoma mkono wa Mama Rispa."

"Amechomeka sana?"

Hakuwa ameuliza hadi wakati huo. Nilimweleza malengelenge yalipoanzia na yalipoishia, na mahali anapokaa yule mtoto kuandika. Nikamwomba afungue simu yake asome, kwa sauti, mbele ya mkewe, vile vijiti vyote vimemletea nini na stima imekula nini. Alianza kusoma. Katikati aliacha, akampa mkewe simu. Mama Faith akamalizia kusoma hadi mwisho, bila kupandisha sauti.

Bwana Ambani akaenda kwenye soketi ya ukutani akaizima. Feni zilipungua kidogo kidogo, moja baada ya nyingine, hadi tukasikia kuku wa jirani nje. Alikalia ndoo iliyokuwa pale akajifunika uso kwa mikono miwili. Mama Faith alimwekea mkono begani, akaniambia niende nikatengeneze chai.

Baada ya hapo tulizunguka pamoja, mimi na yeye. Nilikuwa nimeogopa kwamba atawaachia watu maneno ya mzunguko, lakini alisema wazi: nilikosea, niliwaambia jambo nisilolijua, naomba radhi. Kuna waliomtukana, akasimama akasikiliza hadi mwisho. Butere alikwenda na mtamba, wa kahawia mwenye baka jeupe, aliyemchukua kwenye boma la kaka yake Likuyani. Mama Rispa alitoka akamzunguka yule mnyama, akamshika masikio, akamfungua mdomo kutazama meno.

"Si kama wangu," akasema.

"Najua," Bwana Ambani akajibu. "Wako alikuwa karibu kuzaa. Huyu bado."

"Basi utakuja kumnyunyizia dawa ya kupe mpaka azae. Mkono wangu huu bado haushiki pampu."

Na anakwenda, Mama. Kila kinapofika kipindi cha kunyunyizia dawa anapanda boda boda hadi Butere, ananyunyizia, anarudi. Duka limemshinda kulipia pango, ndiyo habari uliyoisikia. Hakufungiwa na mtu. Alifunga mwenyewe ili aweze kuwarudishia watu kadiri anavyoweza, na watoto wake wamerudi kulala chumbani kwao.

Sasa jibu langu. Sirudi, Mama. Si kwamba sikukumbukeni. Kuna siku naamka nikitamani wali wa nazi hadi nasikia harufu yake. Lakini nimekodi meza kwenye baraza la fundi cherehani mmoja, nyuma ya soko, na nimeandika jina langu kwenye kibao kwa rangi nyekundu. Wale watu niliowachomolea vijiti ndio wateja wangu wa kwanza. Wananiletea simu, redio, pasi. Kila mmoja ananiuliza kabla hajaniachia kitu, "Hii itapona kweli?" Na mimi namwambia kama itapona au haitapona. Wakishasikia hivyo wanakaa chini, wananisimulia mambo yao. Siwezi kuondoka mahali ambapo neno langu limeanza kuwa na uzito. Nikija Msambweni nitakuja kwa kuwatamani, nikiwa na zawadi mkononi, si kwa kuwa nimeshindwa na watu wa huku.

Ukiwa na huzuni kwa jibu hili, nisamehe, lakini usinililie kwenye simu. Niandikie. Nataka kuuona mwandiko wako.

Msalimie Baba, umwambie binti yake anaitwa fundi na wanaume wa rika lake bila kucheka. Msalimie bibi, umkumbatie kwa niaba yangu. Shangazi Mwanatumu mwambie udi wake ulifika na chumba changu chote kinanukia. Hamisi, mdogo wangu, mpe barua hii aisome yote peke yake, polepole, hasa pale kwa Mama Rispa. Akitaka kujua zaidi kuhusu hizo sarafu anipigie mimi kabla hajamsikiliza mtu mwingine yeyote.

Mungu awaweke salama hadi macho yetu yaonane. Mvua imefika, naufunga mlango.

Mwanao anayekupenda,
Mwanamisi, fundi