Nilivyopanda Jukwaa la Watoto

Hajarah, uko? Nimetoka kwenye yale mashindano ya urembo ya watoto hapa Busia, na sijui nitaificha wapi sura yangu.

Unakumbuka mume wangu alivyokataa? Jibril alisema mtoto wa miaka sita hapakwi rangi ya mdomo ili watu wamtazame. Mimi nikamwita mshamba. MSHAMBA!

Basi binti yangu Shamila akapanda jukwaani na vile viatu vya kisigino. MC akamuuliza, "Ukishinda taji utafanya nini?"

Akajibu kwenye maiki, "Nitampa mama. Ni yeye analitaka."

Wallahi ukumbi mzima ulicheka. Ni yeye analitaka! Mbele ya majirani wote!

MC akasema, "Basi Mama Shamila, panda upite wewe." Alikuwa anatania, Hajarah. Mimi nikapanda. NIKAPITA! Nikageuka pale mbele, mkono kiunoni!

Nyumbani Jibril akauliza nani amepita vizuri.

Shamila akamwambia, "Ni mama. Sisi watoto tulikuwa tunalia kule nyuma."

Hajarah, mimi sikumsikia hata mmoja. Nilikuwa napiga picha.