Chai Fupi, Ugali Mrefu

Jumatatu, 28 Oktoba 1996

Katika jimbo zima la Minnesota hakuna mkono kama huu wangu wa kulia. Gavana aandikiwe barua. Mechi nane, ushindi nane, pasi za tachidauni, yaani za bao, ishirini na sita! Mimi Melkiori, niliyeacha shule Moshi kidato cha pili kwa utoro, leo ndiye kwotabeki wa timu ya shule, futiboli ya Kimarekani — yaani kila mpira unaanzia mikononi mwangu, na mimi ndiye naamua uende kwa nani. Wazungu wakubwa kama makabati wanasimama mbele yangu nisiguswe. Nani kule nyumbani atasadiki?

Hesabu nimepata D. Haihusiani.

Kesho mtoano unaanza. Ukifungwa mara moja tu, rudisha helmeti. Mimi na Duncan tuko tayari. Duncan ni Mkenya, mtoto wa Mama Philister yule nesi, na ndiye mdakaji wangu: narusha, anakimbia, anadaka. Siri yetu ni Kiswahili. Kabla mpira haujaanza nikipiga kelele "chai" — anakimbia hatua tano na kugeuka. Nikisema "ugali" — moja kwa moja mpaka kona ya mwisho. Chai fupi, ugali mrefu. Kocha Lindqvist ametuachia. Anasema kama yeye haelewi, adui ataelewaje. Wale wa upande wa pili wanadhani nasali.

Jumatano, 30 Oktoba

Jana 34–7. Si nilisema! Tachidauni nne, mbili za ugali.

Baba mdogo Zachariah, ninayeishi kwake hapa mtaa wa Phillips, hakusifu hata kidogo. Yuko Marekani tangu enzi za chuo, na mechi za mtoano kwenye TV hajawahi kukosa. Anasema ameona makwotabeki nyota wengi: Septemba mikono ya dhahabu, Januari, mtoano ukifika, mikono ya uji. Mpira uleule, uwanja uleule, kinachobadilika ni kwamba safari hii hakuna wiki ijayo. Nikamuuliza yeye alichezea timu gani. Mama mdogo Tumpe akacheka mpaka chapati ikaungua. Baba mdogo akasema ile iliyoungua ni yangu.

Kocha naye kaanza mambo hayohayo. Katuwekea mikanda ya video ya makwotabeki nyota wakiwa kwenye mtoano. Anasimamisha picha: tazama, mdakaji huyu yuko peke yake kabisa, na huyu bwana mkubwa hamwoni. Kwenye msimu anasubiri sekunde tatu, kwenye mtoano mbili hazijaisha mpira umeshamtoka. Nikasema labda alikuwa anasikia baridi. Chumba kizima kikacheka. Kocha hakucheka.

Jumapili, 3 Novemba

Jana 21–20. Tumepita! Nilirusha mipira miwili wakaidaka wao. Upepo ule. Duncan anasema hapakuwa na upepo. Duncan hajui upepo.

Leo ilikuwa ibada ya Kiswahili, ile ya mara moja kwa mwezi, Watanzania na Wakenya pamoja, halafu chakula chini ya kanisa. Nikamwamkia Mama Duncan, shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akasema nipunguze mdomo niongeze mwili.

Kwenye foleni ya pilau, nani yuko mbele yetu? Wanjohi! Anakaa mji wa Savage, ni mlinzi wa nyuma wa timu tunayokutana nayo Jumamosi, fainali ya kanda. Mabega kama mlango. Amekulia hukuhuku, mama yake akimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Nikamtania kwa Kiingereza, Jumamosi uje na ndoo ya machozi. Akasema pilau ni tamu.

Basi nikamgeukia Duncan, kwa Kiswahili, palepale: "Huyu tunamlisha ugali mpaka kona. Akianza kurudi nyuma, tunampa chai." Duncan akanikanyaga mguu. "Manze, nyamaza." Nikamwambia aache woga, Kiswahili cha mtoto wa Savage kinaishia "jambo". Wanjohi akaongeza kachumbari, akaenda kukaa karibu na mama yake.

Jumanne, 5 Novemba

Baba mdogo yuko mbele ya TV anafuatilia kura za urais utadhani yeye ndiye mgombea. Afadhali, hanisemeshi.

Habari kubwa. Mtu wa chuo kimoja cha kaskazini, skauti wao, anakuja Jumamosi kumtazama mchezaji wetu. Akimpenda — miaka minne ya chuo, bure. Kocha alipotangaza nilishasimama. Ni Duncan. Kocha akaniambia niketi.

Sawa. Anastahili. Mama yake anafanya shifti mbili kwenye nyumba ya wazee, analala saa nne kwa siku, na bila huyo skauti Duncan atamfuata kwenye shifti hizohizo. Hakuna mlango mwingine. Tukiwa njiani kurudi, bila kunitazama, kasema: "Melki, wewe nipe tu mpira. Mara tatu, mara nne. Hiyo tu." Nikamwambia atapewa mpaka aombe poo.

Lakini huyo skauti ana macho kweli? Mpira kwani unajirusha wenyewe?

Ijumaa, 8 Novemba

Theluji kidogo. Sikula. Mama mdogo anasema ni woga. Ni mapishi yake.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumefungwa 20–17. Siandiki.

Jumapili, 10 Novemba

Haya, naandika.

Nusu ya kwanza nikisema ugali, Wanjohi huyo anakimbilia kona kabla hata Duncan hajaondoka. Nikisema chai, amesimama hatua ya tano kama anangoja kikombe. Mara tatu, mara nne! Anaelewa Kiswahili chote, yule mnafiki. Mapumziko wanaongoza wao 17–3. Skauti kakaa jukwaani na kofia ya manyoya, haandiki kitu.

Duncan hakunilaumu kuhusu pilau. Alisema tu, sasa tufanyeje. Mimi ndiye nikapata akili — niandike hili, maana hakuna mwingine ataliandika: tugeuze. Kuanzia sasa chai iwe ndefu, ugali uwe mfupi. Kwa jicho langu, hiyo ni akili ya profesa. Nikapiga kelele "chai", Wanjohi akabaki palepale, Duncan kona, tachidauni! Halafu "ugali", Wanjohi mbio mpaka nyuma, Duncan akadaka hatua ya tano na kujikimbilia mwenyewe. 17–17! Skauti akatoa kalamu. Nilimwona.

Wao wakapiga mpira wa mguu ukapita katikati ya nguzo, 20–17. Zimebaki sekunde arobaini. Tukafika karibu kabisa, hatua kama kumi na tano. Kocha akasema rusha mara moja, ikishindikana tutapiga wa mguu tusawazishe. Nikarusha. Wanjohi akadaka. Mwisho.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kocha akaniuliza imekuwaje, maana Duncan alikuwa kona na mpira ukaenda mfupi, hatua ya tano. Nikamweleza. Nilisema ugali, na ugali sasa ni mfupi. Duncan akasahau kwamba tumegeuza, akaenda mrefu kama zamani. Watu husahau kwenye presha, ndiyo mtoano huo. Wachezaji wote wakamtazama. Duncan alikuwa anafungua kamba za viatu, akaendelea kufungua. Kama hana kosa, mbona hakujitetea?

Skauti alimsikiliza Kocha pale mlangoni, akafunga daftari, akaondoka bila kumpa Duncan mkono.

Baba mdogo kaniuliza mara moja tu, mezani: ni kweli Duncan alisahau? Nikasema kweli. Akasema basi, kula.

Jumanne, 12 Novemba

Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi ya Kocha. Saa tisa na nusu mchana.

Skauti alipiga simu jana. Mdakaji anayesahau maelekezo kwenye mtoano hawamhitaji, ila Duncan wanampenda mno, kwa hiyo anataka Kocha ahakikishe. Atapiga tena leo saa kumi. Kocha ameangalia mkanda mara sita. Unaonyesha nani alikimbilia wapi, lakini umepigwa kutoka juu, sauti haisikiki. Wachezaji wenzetu hawakumbuki, kwao chai na ugali ni kelele tu. Kwa hiyo katuita sisi wawili. Neno gani lilisemwa? Hilo tu anataka kujua.

Duncan kakaa mwisho wa benchi. Nikamuuliza anasemaje mama yake.

"Mathe hajui. Nimemwambia tunangoja barua."

Nikamuuliza mbona hakusema chochote Jumamosi.

"Mimi niseme nini? Ni wewe ulikuwa useme."

Hana hasira. Ingekuwa afadhali anipige.

Kuna kitu Jumapili sikukiandika. Baada ya mechi, tulipokuwa tunapeana mikono, Wanjohi alinishika kiganja hakuachia. Akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Ulisema chai. Nilikusikia. Nami nikabaki hatua ya tano kama kawaida, mwenzako akaenda kona. Mbona ukanitupia mimi?" Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza kweli. Nikaung'oa mkono nikaondoka.

Ningeweza kuingia humo ndani na kushikilia ugali. Wanjohi yuko Savage, nani atamuuliza? Lugha ni yetu. Kocha ataniamini mimi, mimi ndiye niliyemfikisha fainali. Na mwakani kila mtu atasema Melkiori alikuwa sawa, tatizo lilikuwa Mkenya mmoja.

Kocha kafungua mlango. Simu iko sikioni, kaniashiria kwa kidole: wewe kwanza. Nimemwonyesha daftari, dakika moja. Duncan ananitazama ninavyoandika.

Nilisema chai. Duncan alikwenda kona kama tulivyopatana, peke yake, mikono juu, hata kipofu angemwona. Mimi sikumtazama. Waliponijia walinzi wao wawili nilifumba macho na kuurusha mpira ili tu unitoke. Duncan hakusahau kitu. Niliogopa.